Majumba ya Mombasa: Kibokoni, Nyali, kisha Majengo

ALHAMISI

Mteja wangu mmoja wa Raskazone, Tanga, anataka nimchoree nyumba "kama zile za Nyali", mtaa wa kitajiri wa Mombasa. Amenitumia picha nyingi kuliko nilizoomba: vioo vimeanzia sakafuni vikagusa dari, bwawa la kuogelea, sebule ambayo mtu akikohoa upande huu wa pili hasikii. Mimi kuchora nyumba kwa kutazama simu siwezi. Napenda nisimame mbele ya kitu chenyewe, nijue saa tisa mchana jua linakipiga upande gani na upepo unaingilia wapi. Nikamwambia anilipie nauli, akakubali, nami alfajiri nikapanda basi.

Tanga hadi Mombasa hakuna mengi ya kusimulia ukishavuka Horohoro. Foleni ya pasipoti, foleni ya kubadilisha shilingi ikawa shilingi, kisha minazi, mikorosho, miembe, usingizi. Nilizinduka Ukunda, pale inapokatia barabara ya Diani, nikaona kando ya lami marundo ya makuti ya viungo yanasubiri wanunuzi. Kijijini kwetu paa la makuti maana yake mwenye nyumba hajapata fedha za mabati. Hapo Diani, mwendo mfupi tu kutoka barabarani, makuti hayohayo ndiyo yanayopandisha bei ya jumba la ufukweni. Ila kuezeka hakuna mzaha, kwa tajiri wala kwa maskini. Paa la makuti halina budi lisimame. Likilala kidogo tu, mvua ya masika nayo inalala juu yake, na hapo mwenye nyumba aanze kutafuta makuti mengine.

Likoni tukashuka. Feri kwa waendao kwa miguu ni bure, magari ndiyo hulipa, kwa hiyo wanaokimbia kuiwahi ni wengi na wana vikapu. Nilijibanza upande wa kulia ili niione vizuri barabara ya Mama Ngina, ile ya ufukweni: mibuyu imejipanga juu ya mwamba, na nyuma yake ghorofa za Kizingo zinachungulia bahari juu ya matawi. Mzee mmoja aliniona nazihesabu kwa kidole. "Hesabu upesi," akasema, "ukirudi utakuta zimezaa."

IJUMAA

Ami yangu anakaa Kibokoni, Mji wa Kale, ni seremala aliyestaafu lakini mikono haijastaafu. Baada ya mahamri na mbaazi akachukua bakora yake akasema twende kabla ya joto. Ni msimu wa kaskazi, na kaskazi ya Mombasa saa tano asubuhi haimwonei haya mtu mzima.

Tulianzia Ngome ya Yesu. Wageni huja kutazama mizinga na kuta ambazo Wareno walizianza mwaka 1593. Mimi nilikwenda kutazama sebule. Ndani ya ngome, juu ya buruji moja, ule mnara wa ulinzi wa kona, ipo nyumba ya Waomani ya karne ya 18. Waomani waliichukua ngome mwaka 1698, baada ya kuizingira tangu 1696, na baadaye juu ya buruji hilo la vita pakajengwa nyumba ya kukaa. Aliyechagua mahali pale alijua anachofanya. Bahari iko chini, mji uko pembeni, na upepo hauna pa kupita ila ndani. Nilisimama pale mpaka jasho likakauka shingoni, bila feni.

Kutoka hapo tukaingia mtaa wa Ndia Kuu, na safari yetu ikawa ya milango. Ami hakunipeleka kwenye ule unaopigwa picha zaidi. Alinipeleka kwenye nyumba moja ya kichochoroni ambayo ukuta wake umechubuka mpaka matumbawe yanaonekana, akaweka kiganja katikati ya mlango.

"Wataka kuujua mlango, usianze na maua. Anza na pembe."

Nikainama. Pale mwimo, ule mti wa kando ya mlango, unapokutana na kizingiti cha juu, viungo vilikuwa vimeshikana hivi kwamba ukucha wangu haukupata pa kuingia, na mti wenyewe ni mvule ulioshakuwa mweusi. Ubavuni mwa mwimo, kutoka chini hadi juu, umechongwa mnyororo, pete moja imeshika nyingine. Katikati ni mfaa, ule mti uliosimama kati ya mbao mbili, nao una waridi zilizochongwa kwa kina cha ncha ya kidole. Nilizigusa moja moja. Hakuna iliyolingana na mwenzake: moja ina jani nene, nyingine patasi imeteleza kidogo na fundi akageuza kosa likawa kikonyo. Ami akasema siku hizi kuna nakshi za mashine, nzuri kwa mbali, na huzijua kwa kuwa kila jani ni pacha wa jirani yake. Ubao usio na mfaa ndio hufunguliwa kwanza, kwa sababu mfaa wa ule mwingine umeulalia kwa nje. Mgeni asiyejua husukuma upande usio wake akadhani mlango umekwama.

Chini kabisa, maji ya mvua yalishaila miguu ya mwimo, na mtu ameiziba kwa saruji. Ami aliitazama ile saruji kama atazamavyo mtu aliyemkopa pesa.

Kuhusu saruji tuliongea hadi wakati wa sala. Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Ukuta wa namna hii unanyonya unyevu na kuutoa. Ukiupaka lipu ya saruji umeuziba pua: chumvi na maji vinabaki ndani, lipu inavimba, inabanduka, inaanguka na kipande cha ukuta. Mwenye nyumba anaona ukuta mbovu, anaongeza saruji. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi kisheria, lakini mfuko wa saruji unauzwa kila kona na fundi chokaa siku hizi lazima umtafute kwa tochi.

Baada ya sala ya Ijumaa, jirani wa Ami alituruhusu tuingie kwake. Nitaieleza hiyo nyumba kwa kirefu maana ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Nje kuna baraza la mawe pande mbili za mlango, na wakati tunafika limekaliwa na watu ambao si wa nyumba hiyo. Hodi, karibu, unavuka kizingiti, unaingia dakani, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, na pale ushoroba unapinda. Hata mlango ukiwa wazi, mpita njia haoni zaidi ya ukuta mweupe na mtungi wa maji. Mgeni wa dakika tano anaishia dakani, wa saa moja anapewa sebule, ndugu anaendelea mpaka uani. Hakuna aliyeandika "usivuke hapa"; nyumba yenyewe inasema.

Vyumba ni virefu na vyembamba. Nilitoa futi kamba, upana haukufika mita tatu, na chumba cha pili na cha tatu vivyo hivyo. Sababu iko juu: dari limebebwa na boriti za mikoko, na mkoko hauzidi urefu na nguvu alizouumba Mungu. Boriti kutoka visiwa vya Lamu na delta ya Rufiji ndizo zilizopima vyumba vya pwani nzima, hata vya Uarabuni zilikosafirishwa kwa majahazi. Tajiri aliyetaka chumba kikubwa alikirefusha, kukipanua hakuweza. Kwa hiyo aliionyesha mali yake ukutani, kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vyenye vyombo vya kaure, na mlangoni.

Roshani za mbao zinazoning'inia juu ya Ndia Kuu ni habari nyingine, changa kuliko watu wanavyodhani. Nyumba za zamani zaidi ziliugeuzia mtaa mgongo na kufungukia uani. Mwishoni mwa karne ya 19, biashara iliponenepa na reli ikaanza kujengwa kutoka hapa mwaka 1896, wafanyabiashara wa Kihindi walijenga na kukarabati kwa mtindo wa kwao: duka chini, makazi juu, roshani yenye kimia cha mbao mwanamke aone mtaa bila kuonekana. Leven House, upande wa bandari ya zamani, ni ya mwanzoni mwa karne hiyo, nayo imebeba jina la manowari ya Kapteni Owen, aliyetangaza ulinzi wa Waingereza hapa 1824, ukafutwa 1826. Ukisimama karibu nayo ukatazama ng'ambo, unaiona English Point na ghorofa zake nyeupe zinang'aa kwenye maji. "Kesho utakuwa huko," Ami akaniambia, na sauti yake haikuwa ya kunitakia heri.

JUMAMOSI

Dalali alinifuata na gari lenye kiyoyozi na harufu ya udi wa dukani. Kijana mstaarabu, mwenye funguo nyingi, aliyeniita "dada" kwa sentensi moja kisha "mheshimiwa" alipogundua kwamba mteja ni mtu wa Raskazone. Tukavuka Daraja la Nyali. Hili la sasa ni la 1980. Kabla yake, tangu 1931, watu walivuka juu ya daraja lililoelea. Tukapita Kengeleni, kwenye kengele ya Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa karne ya 19. Dalali hakuitaja. Alikuwa ananieleza bei ya ekari.

Jumba la kwanza ndilo la kwenye picha za mteja wangu. Ukuta mrefu, nyaya za umeme juu, askari, geti linaloteleza lenyewe. Ndani, ninakiri, nilinyamaza. Sebule imekwenda juu ghorofa mbili, ngazi haina nguzo inayoonekana, na bwawa limejengwa ukingo wake ukapotea, hata ukikaa kwenye kochi unadhani maji yake yanamwagika baharini. Kazi safi. Mafundi walioiinua ile ngazi ningependa kuwapa mkono.

Kisha nikatoa dira. Ukuta mkubwa wa vioo ule wa pembeni unaelekea magharibi. Saa nne asubuhi hakuna neno. Tulirudi saa tisa kwa ajili yangu, dalali hakupenda, na jua lilikuwa limeshaingia mpaka nusu ya zulia. Viyoyozi vilikuwa vinafanya kazi vyote. Nje, mashine zake zilizowekwa upande wa bahari zilishaliwa na chumvi, kutu inatiririka ukutani mistari ya kahawia, na nyumba bado haijapata mtu wa kuihamia. Nikauliza maji. Kisima kipo, maji yake ya chumvi, ya kufulia na bustani. Ya mfereji huja kwa zamu. Mengine huletwa na boza. Mombasa hunywa maji kutoka mbali, kutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo na kutoka visima vya Baricho, na bomba halijui nani amelipia bwawa na nani hakulipia.

Jumba la pili hakutaka kunionyesha. "Hili la zamani, mheshimiwa, wanunuzi hulibomoa." Nikasema tusimame.

Mbuyu uko katikati ya kiwanja, na aliyejenga hakuukata: ukuta wa uzio umepinda kuupisha. Nyumba imelala ndefu, uso kwenye kaskazi, mgongo kwenye kusi, ili pepo zote mbili za mwaka zipite chumbani. Veranda ina kina cha hatua nne zangu, jua haligusi mlango hata saa tisa. Sakafu ni saruji nyekundu iliyosuguliwa ikawa kama ngozi. Juu ya kila mlango wa ndani kuna tundu la mbao zilizotobolewa, joto lipande litoke. Nikaingia jikoni: kabati za mbao, jiwe la marumaru, jiko la gesi la plati sita, havijaguswa. Nikamuuliza mama anayeitunza nyumba wanapikia wapi. Akacheka, akanifungulia mlango wa nyuma. Hapo ndipo lilipokuwa jiko lenyewe, banda lenye paa la makuti, jiko la makaa, kinu, mbuzi ya kukunia nazi iliyong'aa kwa kukaliwa. Lile la ndani ni la wageni kutazama. Nimeshachora nyumba nyingi za watu wenye uwezo na karibu zote zimeishia na majiko mawili, hata pale mwenye nyumba alipoapa moja linatosha.

Njiani kurudi dalali alinieleza sheria, na hapa alijua kazi yake. Asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi milele. Katiba ya 2010 inampa upangaji usiozidi miaka 99. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani. Ghorofa sasa zinaweza kuwa na hati ya kila nyumba pekee, kwa sheria ya 2020. Aliponiuliza kama nina swali, nikauliza njia ya kushuka ufuoni iko wapi, kwa sababu ufuo ni wa umma na kuta tulizopita zilifuatana bila upenyo. Akanionyesha kijia kati ya kuta mbili, mabega yangu yanaenea, ya Ami yasingeenea.

JUMAPILI

Kwa matatu hadi Mtwapa, kisha bodaboda hadi Jumba la Mtwana. Ni kaunti ya Kilifi tayari, lakini mtu aliyetoka kutazama majumba ya Nyali asipofika hapa ameacha sura ya kwanza. Huu ni mji wa karne ya 14 ulioachwa mwanzoni mwa ile ya 15, ukachimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman mwaka 1972. Zimebaki kuta za matumbawe, mibuyu, na msikiti ufukweni kabisa.

Nilichokwenda kutazama ni mpango wa nyumba. Ua, vyumba virefu vyembamba, vyoo ndani, mahali pa maji. Nilitoa tena futi kamba. Mlinzi akaniuliza kama nataka kununua. Ukiondoa mimea iliyoota sakafuni, hii ni nyumba ya jirani wa Ami kasoro umeme.

Jioni Ami alitaka mihogo ya kuchoma Mama Ngina, tukapitia Kizingo. Bangalo za enzi ya mkoloni zimebaki chache: paa la vigae vyekundu kutoka India, veranda pande zote, kiwanja ambacho leo kingebeba familia arobaini, na ndicho kinachotokea. Moja ilikuwa imeshazungushiwa mabati na bango la ghorofa itakayokuja. Mbele ya bango mwembe ulikuwa bado unaangusha maembe. Tukaokota mawili.

JUMATATU

Siku ya mwisho sikutaka jumba. Nilimwambia Ami anipeleke mtaa wa Majengo.

Nyumba ya Kiswahili ya hapa ina vyumba sita: ukumbi katikati, vitatu kila upande, ua nyuma wenye jiko na choo, baraza mbele. Mwenye nyumba hukaa viwili akapangisha vinne. Tulimkuta bibi mmoja barazani, Ami anamfahamu tangu ujana. Shikamoo, marahaba, kaeni. Nyumba yake imepakwa chokaa ya samawati iliyopauka, ukumbi umepigwa deki mpaka unateleza, na mlango wa mbele ni wa mbao za kawaida zenye waridi moja tu katikati, limechongwa na marehemu mumewe. Upepo unaingia barazani ukatokea uani bila kubisha hodi. Mteja wangu angelipa fundi fedha nyingi apate ule upepo.

Ila ardhi si yake. Mombasa kuna kitu kinaitwa nyumba bila ardhi: kuta na paa ni vyako, unaweza kuviuza, kuvirithisha, kuvipangisha, na chini ya msingi ni mali ya mtu mwingine unayemlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Mizizi yake iko kwenye historia ya ukanda wa pwani wa maili kumi, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, na hati zilizotolewa tangu 1908, familia chache zikapata mashamba makubwa na wengi wakajikuta wapangaji pale walipozaliwa. Yule mgeni wa Nyali mwenye miaka 99 naye amejenga juu ya ardhi isiyo yake, tofauti ni kwamba ana karatasi yenye muhuri. Bibi ana risiti, amezifunga kwa utepe wa mpira ndani ya kopo la maziwa ya unga. Alinionyesha za juu tu.

"Ami yako amenambia wachora majumba," bibi akasema akiyatazama makaratasi yangu. Nikamwonyesha rasimu niliyokuwa nimeanza: veranda ya kina, madirisha ya juu ya kutolea joto, jiko la pili nyuma, na mbele, nje ya geti, baraza. Mteja alishanijibu kwa simu usiku kwamba baraza litavuta wavivu.

Bibi aliipindua karatasi, akaitazama kutoka upande wa choo. "Na huyu mjakazi atalala wapi?"

Sikuwa nimemchorea chumba. Nikaandika pembeni kwa penseli.

"Na wewe, nyumba yako i wapi?"

Nikamwambia napanga, vyumba viwili, Ngamiani, Tanga. Akaangua kicheko mpaka akashika ubavu, akamwita mjukuu wake kutoka uani, "Njoo, njoo umwone huyu, ajengea watu makasri na mwisho wa mwezi adaiwa kodi kama sisi!"